Palipo Pazima

Moffat, mji ulioinamisha taa zake za barabarani
ili usiku uwe usiku.
Nilitoka zamu saa nne, nanuka sabuni ya wazee,
nikaingia kanisa lisilosaliwa tena.

Kitambaa kilining'inia toka darini hadi sakafuni,
sufu nyeusi, nzito, ya kondoo wa vilima hivi.
Nyota alizidarizi Bi Carruthers kwa uzi mweupe,
kila moja na kikao chake. Nilikitambua Kilimia,
kimefinyana kama watoto sita kwenye mkeka mmoja.

Na hivi vitundu?
Kila setilaiti ipitayo juu ya paa lake
huichoma mara moja, kwa sindano ya magunia.
Nyuma ya kitambaa, taa.
Misimu mitatu ya baridi, akasema,
akanionyesha sugu ya kidole gumba.

Mimi binti wa fundi cherehani wa Korogwe.
Wenzangu hutazama mwanga; mimi hutazama pindo.
Msimu wa kwanza, vitundu vinahesabika.
Wa pili, vimejipanga siafu.
Wa tatu, upande wa magharibi,
tundu limekula tundu,
sufu imeachia, mpasuko wa upana wa kiganja,
mwanga unamwagika pale bila haya,
na nyuzi za nyota mbili zinaning'inia,
hazina pa kushika.

Lakini kizuri. Mungu wangu, kizuri.
Nilisahau kuvua koti.

Juzi niliiona safu yenyewe, nyuma ya jiko la kazini,
taa kwa taa, zisizopepesa,
nikahesabu hadi arobaini na mfuko wa taka mkononi.
Simu ikalia. Dada yangu, sauti safi
kama yuko chumba cha pili, aniuliza nimekula nini.
Sikumwambia kinachopita.
Sijui hata kama ndicho kilichomleta.

Nikasema: Bi Carruthers, nipe uzi,
nikushonee hapo kabla hapajaisha.
Akatikisa kichwa. Akafungua mlango,
akangoja, shingo juu, baridi ikiingia kwa miguu yake.
Kimoja kilipanda toka nyuma ya kilima,
hakina haraka, hakina sauti.
Hiki chako, akasema. Akanipa sindano.

Nilikishika kitambaa kwanza,
kama baba alivyonifunza kushika nguo ya mtu,
vidole vikitangulia gizani,
vikipapasa, vikitafuta
palipo pazima.