Kadi Inasema Petroli

Katunka alilileta Gungu mgongoni mwa Fuso,
limefungwa kamba kama mbuzi wa mahari:
milango miwili, tumbo chini, jekundu la mawese,
gari la mbio lisilo na mbio tena.
Injini yake ilikuwa imejila yenyewe,
pistoni imetoboa bloku, vidole viwili vinapita.
"Fundi yuko wapi?"
Nikainua kioo cha kuchomelea.
"Ndiye huyu."
Akatazama nyuma yangu. Hapakuwa na mwingine.

Injini tulikuwa nayo, imelala juu ya matairi
tangu mnada wa mashirika:
silinda sita, dizeli, moyo wa Lendikruza
iliyokuwa ikibeba wagonjwa wa Nyarugusu kwenda Kasulu,
tope la masika, vumbi la kiangazi,
na ndani ya rejeta, nyasi za njia ambayo siku hizi haipitwi.
Uzito wake? Watu sita na jeki ya tani tatu,
na bado mmoja wetu aliacha ukucha.

"Weka hiyo," akasema.
"Humu? Ni kumvika kuku kwato."
"Basi mvike."

Nikakata.
Nikakata ukuta wa mbele, nikakata boneti,
nikakata sampu nikaishona upya, maana ilikalia stelingi
kama mama mkwe aliyekosea kiti.
Vishikio nikavichonga kwa bamba la boti chakavu la Kibirizi,
springi za mbele nikazirithi kwa Haisi iliyokufa.
Tenki tulilisuuza mara tatu;
harufu ya petroli ilikaa tu,
mpangaji asiyesoma barua.

Niyonkuru, kijana wangu wa spana,
siku nne hakusema zaidi ya "kumi na nne", "kumi na saba".
Ya tano tukaunga betri.
Ikakohoa. Ikatema wingu jeusi kwenye ukuta wa jirani,
kisha ikatulia katika ngurumo ile nzito,
na kikombe changu cha chai
kikatembea chenyewe hadi ukingoni mwa meza.

"Naijua sauti hii," akasema.
"Usiku ule nilibaki mlangoni pa hema.
Niliisikia ikiondoka na mama,
niliisikia hadi ikawa mbu,
hadi ikawa masikio yangu tu."

Nikamwambia injini za namna hii zote hulia hivyo.
Akaitikia kwa kichwa.
Kiganja hakukiondoa.

Tukalijaribu njia ya Mwandiga.
Halikukimbia.
Pua ilizama, kona zililikataa,
kila tuta lilipapasa tumbo, krrr,
na bodaboda mwenye gunia la mihogo akatupita akipiga honi.
Katunka alinuna kimyakimya, kama mtu aliyeoa kwa picha.
Mpaka mlima ulipokuja.
Gia ya tano. Mkono wake ukaenda kwenye gia,
ukangoja,
ukarudi.
Tukapanda kama vile mlima ndio unaoshuka.

Juu kule, trafiki.
Akasoma kadi, akainamisha sikio kwenye boneti.
"Hapa imeandikwa petroli.
Na hiki kinachonguruma?"
Katunka akanitazama mimi. Mimi sikuwa na jibu la kiserikali.
Nyuma, magoti kidevuni,
akajibu mwenye vyeti vitatu
na jina lake limeandikwa namna tatu:
"Afande, karatasi huwa zinachelewa."

Afande alicheka. Faini aliandika vilevile.

Wakati wa kushuka, madirisha wazi, migebuka ikikaangwa mahali,
nikakosa adabu nikauliza:
"Mama yako… alirudi?"
"Walirudi watatu," akasema Niyonkuru.
"Pacha.
Mmoja hadi leo ana kelele kama hii."