Kilobaiti Mbili

Põlva, Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Lori la maziwa limegandia getini
na mimi, siku ya tatu kazini,
nimeketi mbele ya mashine aliyoniachia Virve
pamoja na kikombe chenye ufa
na daftari lililoandikwa kwa penseli.

Kazi ya mashine ni moja: kupima mafuta ya maziwa.
Mkulima hulipwa kwa namba itokayo humo.
Nikasema nisafishe kidogo, desturi ya kila mgeni
anayetaka aonekane ameamka mapema.
Nikaorodhesha vilivyomo. Majina mia tatu na ushei,
na katikati yao hili:
mfumo wa kuchapa, toleo la tisa,
uzito kilobaiti mbili.

Mbili! Hata picha ya paka huizidi.

Na printa yenyewe sikuiona.
Ukutani palibaki mstatili mweupe kuliko ukuta
na waya uliokatwa, ncha yake imefungwa utepe.
"Ile?" akasema Maimu wa maabara, hakuinua macho.
"Ilikufa zamani. Tuliitoa kwa toroli."

Nikakifungua kifurushi.
Nimewahi kupewa zawadi ya utani, boksi ndani ya boksi,
lakini hata kule mwishoni palikuwa na pipi.
Humu hamna. Hamna faili, hamna amri,
ila jina, namba ya toleo, jina la mtunzaji,
na ahadi: hutoa huduma ya kuchapa.
Uongo ulionyooka, uliopigwa pasi, ukatiwa sahihi.

Debe tupu haliachi kuvuma, husemwa.
Hili lilinyamaza miaka kumi na mmoja.

Nikaandika amri ya kulitoa.
Mashine, kwa adabu ya karani wa benki,
ikanijulisha kwamba litaondoka na wenzake:
kipimo cha mafuta, kipimo cha protini,
orodha ya wakulima, herufi za Kiestonia zenye vitone,
jumla arobaini na kimoja.
Ndiyo au hapana?

Kidole kikabaki hewani.
Nikakirudisha mfukoni, kama mtu aliyeshikwa jikoni.

Ndipo nikalifunua daftari. Machi, penseli hafifu:

Kipimo hakiingii bila mfumo wa kuchapa.
Mfumo wa kuchapa hauingii bila printa.
Printa imekufa. Wakulima wanadai.
Nimetengeneza ganda.

Na chini, kwa mkono wa haraka:
Limekubaliwa. Saa tisa na dakika arobaini, usiku.

Nikamwona, mtu nisiyewahi kukutana naye,
kavaa soksi mbili mbili,
anajaza fomu ya mistari saba
kwa ajili ya kitu kisichokuwapo,
anachagua toleo la tisa maana la nane lingekataliwa;
kisha mashine inaita majina, mmoja mmoja,
naye, kama mwanafunzi amfichiaye mwenziwe mtoro,
anabana sauti na kuitika:
Yupo.

Asiyekuwapo na lake halipo.
Sijui. Hapa asiyekuwapo ndiye aliyeshika dari.

Wiki iliyofuata kikaja kipimo kipya,
kikadai mfumo wa kuchapa, toleo la kumi, si chini yake.
Nikamsubiri Maimu aende nyumbani.
Nikalichukua ganda lile lile,
nikafuta tisa, nikaandika kumi.
Penye jina la mtunzaji nikasita.
Virve Kõivupuu. Amehamia kwa binti yake Viljandi
na simu za kazini hapokei tena.
Nikaliacha.

Likakubaliwa.

Asubuhi geti lilifunguka kwa maji ya moto na matusi.
Chupa ya kwanza, kutoka Leevaku:
asilimia nne nukta mbili.
Namba ikatokea kwenye kioo.
Maimu akainakili kwa mkono.