Chanda

Miaka hamsini na tisa nimecheza lelemama
na sijaruka hata siku moja.
Mgeni akitutazama pale juu ya benchi,
wanawake kumi na wanne bega kwa bega,
huuliza: ngoma itaanza lini?
Nasi tuko ubeti wa tatu.

Ngoma yetu iko hapa: kifundo cha mkono,
kisha kiganja, kisha vyanda,
na kile cha mwisho kinachelewa kidogo,
kama mtoto ajuaye kuwa atasubiriwa.

Sikuanza kwa kutaka kumponya mtu.
Nilianza kwa uroho wa leso mpya,
chama chetu cha Langoni kikishindana na cha Mkomani,
tukauza hata bangili ili wao wakose usingizi.
Nayasema leo kwa kuwa walioshindwa wamekufa,
na sisi washindi tumebaki watatu,
mmoja hasikii.

Kisha Zamzamu akazaa, akazika siku ile ile.
Miezi mitatu chumba cha ndani,
mikono imekunjwa kifuani kana kwamba bado imebeba.
Walikuja wa kisomo, wakasoma, ikawa heri.
Alikuja wa kombe, akaandika kwa zafarani,
Zamzamu akanywa, ikawa heri.
Mikono haikufunguka.
Mimi sikuwa na kitu. Nilikaa nyuma yake mkekani,
nikapitisha mikono yangu chini ya yake
na kuhesabu kama tunavyohesabu benchini:
moja, ngoja, mbili, ngoja.
Siku ya tisa chanda kimoja kikajibu.
Kile cha mwisho.
Nilitoka uani, nikauma leso, nikalia.

Tangu hapo mlango wangu haukupata komeo.
Wenye magoti, wenye talaka,
msichana aliyeacha kusema baada ya moto wa Shela,
na Famau, fundi wa milango,
upande wa kulia umekufa tangu sikio hadi unyayo,
anaona haya kufunzwa ngoma ya wake.
Nikamwambia: "Ndoo, keti. Patasi nayo hucheza.
Fumba mato, utie nakshi mlango wa kadhi."
Akachonga hewa. Mwezi mzima akachonga hewa.
Hakurudi kazini, nisiwadanganye.
Lakini alijilisha wali kwa mkono wake hadi kufa,
na kila punje iliyodondoka
aliiokota polepole, kwa makusudi,
mkewe akitazama.

Wapo walioniita mganga. Nilikana.
Yupo aliyenisema vibaya hadharani, bila kunitaja,
kisha alasiri akamleta binti yake kwa uchochoro wa nyuma.
Huyo nilimtoza: ratili mbili za tende,
na azibebe mwenyewe, kwa njia kuu.

Shekuwe wa hospitali, aliyesomea viungo Mombasa,
alikuja na daftari.
"Bibi, siri yako ni ipi?"
Nikamwambia, andika *ngoja*.
Akacheka, akaandika, akapigia mstari.
Moja na mbili kila mtu anazo, mwanangu,
hata punda wa kubeba mawe anazo.

Sasa mkono wangu wa kushoto umepata ngoma yake.
Hauniulizi. Unagonga kikombe kwenye kisahani
usiku, peke yake, kama mtu anayebisha
nyumba isiyo na mtu.
Daktari ameupa jina refu; nimelisahau kwa hiari.
Wajukuu hutazama kwingine ninapokunywa kahawa,
adabu hiyo inaniuma kuliko mkono.

Zamzamu huja Alhamisi, na mkongojo wake.
Hasemi pole. Anakaa nyuma yangu, anapumua kwa nguvu,
anapitisha mikono yake chini ya yangu,
mikono yenye harufu ya vitunguu na liwa,
na anahesabu. Vibaya.
Siku zote alihesabu vibaya, hata benchini
nilikuwa nikimfinya:
moja, ngoja, tatu.
Anairuka mbili.

Sijamsahihisha.
Miaka hamsini na tisa,
na leo, mkekani,
nimeruka naye.