Matanga ya Kinu

Lubbert alikufa Februari, barafu ikiwa bado mitaroni,
na Fokje, kabla hajampigia simu kasisi,
alivaa viatu vya mpira, akafuata ukingo wa mfereji
hadi kwenye kinu cha upepo.
Akavuta kamba ya breki, akalegeza, akavuta,
mpaka bawa la juu likasimama limepita wima kidogo tu,
kama mtu aliyegeuza uso.
Kijiji kizima kikaelewa.
Huku ndivyo vinu vinavyotoa tanzia.

Kiswahili kingemfaa Fokje. Kingempa neno moja,
matanga, kwa vitambaa vinavyofungwa mbawani
na kwa siku zile za kuketi na watu, kahawa,
na keki ambayo hakuna aliyeiomba.

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawakumwona Lubbert usiku wa ile mvua,
pampu ya umeme imezimika,
nyumba zote zimelala chini ya kimo cha bahari,
naye amekiachia kinu kizoe, kizoe,
parafujo ya mbao ikiyapandisha maji hadi alfajiri
ilipowakuta ng'ombe wa Wiebren kwenye tope,
si kwenye ziwa.

Machi wakaja watu wa mambo ya kale, watatu, na tochi.
Wakadunga boriti kwa bisibisi,
bisibisi ikazama kama kwenye jibini.
"Kisipozunguka kitaliwa na dudu," akasema Tjalling, mdogo wao.
"Fedha zipo. Ila zinahesabiwa kwa mizunguko."
Akamulika kisanduku cha shaba kando ya mhimili.

Fokje alikijua. Kila Jumamosi Lubbert alimsomea namba kutoka juu,
naye chini akaiandika daftarini.
Elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.
Hapo ndipo alipoiacha.

Hakuwaambia hivyo. Aliwaambia upepo haujakaa sawa.
Aprili pia haukukaa sawa.
Mei, maghorofa mapya yanaukinga, alisema,
jambo ambalo ni kweli kwa upepo wa kusini tu.

Boriti mpya ikaja kwa tishari.
Meno ya gurudumu aliyapaka nta mwenyewe, moja moja,
na kwenye kopo la shahamu akakuta alama ya kidole gumba
kikubwa kuliko chake.
Akachota upande wa pili.

Matanga, kwa desturi, huanuliwa.
Jumamosi moja ya Juni Fokje alikwea bawa kama ngazi,
akayatandaza yote manne.
Kisha akasimama ameshika kamba, muda mrefu,
mpaka Tjalling akatazama saa, akaona haya.

Kinu kilikoroma kama mtu anayesafisha koo.
Alipofika juu, namba ilishakuwa mia tatu na kumi na tisa.
Akaisoma kwa sauti.
"Rudia!" Tjalling aliita kutoka chini, akipapasa mifuko kutafuta kalamu.
Lakini ilikuwa imeshapita.
Akasoma iliyofuata.