Kona ya Nyuma, Kushoto

Faili lina uzito wa gigabaiti nne:
saa moja na dakika tisa
za kinanda cha kanisa na kengele ndogo saba,
njia sita za sauti, biti ishirini na nne,
sampuli elfu tisini na sita kila sekunde.
Zbyněk alinisomea tarakimu hizi
kama mtu anayetaja majina ya wajukuu.

Kisha akabonyeza. Kati ya spika sita
zikaimba mbili.
Nne zilikaa kimya, kama waliokuja matangani
bila kumjua marehemu.

Jumamosi nzima Brno ilifunikwa na ukungu,
tramu zikikwaruza chini ya dirisha letu,
naye kapiga magoti nyuma ya kabati,
tochi mdomoni, makalio juu,
mwanamume aliyesahihisha ratiba za treni miaka thelathini,
asiyekubali kitu kichelewe bila sababu.

"Usikisie, Květa. Badilisha kitu kimoja kimoja."
Programu ya kompyuta akaifuta, akaiweka upya.
Bado.
Menyu ya amplifaya ilisema stirio,
akaiamuru iseme vingine.
Bado.
Saa kumi alasiri akauchomoa ule waya mwembamba wa mwanga,
akauinua dirishani kama nyoka aliyenaswa bandani:
"Huyu hapa! Koo lake hupitisha njia mbili tu!"

Waya mnene ukachukua zamu,
na ukuta wa nyuma ukaondoka.
Sina namna nyingine ya kulisema.
Kinanda kilisimama mbele, pana kama ghala,
mwangwi ukaja kutoka nilikotundika makoti,
kengele zikadondoka moja moja mabegani mwangu.
Viazi viliungua jikoni. Nikaviacha viungue.

Ningependa iishie hapo.

"Kona ya nyuma, kushoto," akasema. "Hakuna kengele."
"Zipo."
"Hazipo."
"Zbyněk, zipo, zinalia."
Akanitazama kwa huruma, mimi nisiyejua
hata biti ni mnyama gani,
akarudi chini.

Akabadilishana nyaya, kulia kwa kushoto.
Ububu haukuhama.
Akabeba spika zenyewe, nzito kama magunia ya makaa,
hii kule, ile huku, mgongo ukalia kwa zamu yao.
Ububu haukuhama.
Bi Hedvika wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Ndipo skrubu ikamponyoka, ikabingirika hadi dirishani.
Aligeuza kiti aiokote, muziki ukiendelea,
akabaki ameinama, mkono hewani.
Kengele. Kona ileile. Safi kama maji ya chujio.
Na sasa kimya kimehamia mlango wa jikoni.

Akageuza kiti tena. Kimya kikamfuata.
Akageuza tena.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo.
Aliweka kiganja kwenye sikio la kushoto,
akakiondoa, akakiweka,
kama anayejaribu swichi ya taa iliyoungua.
"Kitu kimoja kimoja," akasema, akacheka kidogo,
kicheko cha mtu aliyekuta kosa katika ratiba
na kosa lina mwandiko wake.

Mimi ndipo nikahesabu ya kwangu.
Tangu Pasaka nakaa kulia kwake mezani.
Kitandani tulibadilishana upande,
nikasingizia upepo wa dirisha.
Mwili wangu ulijua, haukuniambia.

Daktari ni Alhamisi. Kabla ya hapo
alifungua menyu, akatafuta kona ya nyuma, kushoto,
akaipandisha desibeli tisa.
Sasa anasikiliza macho yamefumba,
na kwangu kengele zile ni sahani
zinazoanguka kabatini, seti nzima, kila ubeti.

"Zimelingana?" anauliza.
Nainama karibu naye.
"Zimelingana," nasema,
kwenye sikio la kulia.