Besi

Mkataba unasema: wimbo mmoja, nukta moja.
Nilitia sahihi, nikala malipo ya kwanza.
Sasa ni Julai, baridi ya Nairobi imeingia hadi kwenye wino,
na nukta zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu.

Huu wa Olwande, kwa mfano.
Lebo ya santuri inasema River Road. Nikachoma pini.
Olwande, sikio moja limeshakufa, akanielekezea lile zima:
"River Road walinipa soda na shilingi arobaini.
Hapo uliuzwa, binti. Niliutungia Makongeni,
kwenye foleni ya bomba, debe likijaa tone kwa tone."
Nikang'oa, nikahamisha.
Bi Mastura wa Pumwani akacheka hadi leso ikamteleza:
"Makongeni! Mdundo ule aliuokota dirishani kwangu,
siku saba za harusi ya dada yangu,
akila pilau bila kualikwa."

Karatasi ina matundu matatu,
wala wimbo haumo katika lolote.

Mitaa nayo hubadili majina bila kuaga.
Ukumbi wa Shauri Moyo ni ghala la matairi;
bawabu alinidai kitambulisho, nikamwonyesha picha ya jukwaa,
akasema, "Hapa hapajawahi kuwa kitu."

Na rangi? Mwangangi ni wa Machakos,
gitaa alilinunua Kampala, vidole vilifunzwa kambini
na mpishi wa Katanga aliyedai sigara kwa kila somo.
Nimpake ya nani?
Pembeni nimechora ufunguo: duara ni baa, pembetatu ni studio.
Ufunguo mzuri sana.
Haujafungua mlango hata mmoja.

Halafu baba.
Alipiga besi katika santuri saba, lebo hazimjui:
mchana karani wa mahakama, usiku aliwageuzia watu mgongo.
Nilipomuuliza mama ilikuwa wapi, alikumbuka viatu tu.
"Vilirudi vyekundu. Mimi ndiye niliyevisugua."
Vyekundu!
Pini zangu zote ziko mashariki, Kaloleni, Ziwani, Jericho,
na kule udongo ni mweusi, unanata kama deni.
Nikalaza ramani ya udongo juu ya ramani ya nyimbo:
upande mwekundu wote, Kangemi, Kawangware, kupanda hadi Uthiru,
mtupu, kimya,
kana kwamba watu wa huko hawakuwa na masikio.

Juzi nilishuka Kawangware, nikachota udongo kando ya mtaro,
nikauloweka, nikachovya kidole gumba,
nikakigandamiza pale ambapo sipajui.

Msimamizi akainama na miwani yake.
"Hili doa ni nini?"
"Besi," nikasema.
Akasikia basi, akafunga faili.