Mlango wa Chumba Namba Mbili

Saa tisa usiku, Igogo. Visu vya minofu vimelala.
Mimi, Nkwimba, naandika nyuzi joto kila nusu saa
kwenye daftari linalonuka sangara.

Nje ziwa linapumua. Pumzi yake
hupenya kwenye lango la kupakilia,
hupita juu ya kreti tupu, huja kugusa
mlango wa chumba cha barafu,
na hapo hukumbuka kwamba ni maji.

Mlango una dirisha la kioo. Kuzunguka kioo
fundi Lugembe alipaka juzi mpira mpya,
laini bado, kama ufizi wa mtoto,
akasahau lenzi yake ya kusomea namba za vipuri.
Nimeiazima. Inafukuza usingizi kuliko chai.

Kwenye kioo: vumbi la maji,
kisha ulezi, kisha mtama.
Tone likimgusa jirani, kufumba na kufumbua
mawili ni moja, nene, lenye haraka,
linateremka likiyameza yasiyolijua,
na nyuma yake njia nyeupe
kama mgambo wamepita Makoroboi.

Kwenye mpira, mambo mengine.
Matone ni mengi, madogo, dagaa wa maji.
Kila moja limezama kidogo,
na mpira, ukivutwa, umeinua mdomo kulizunguka,
ukingo mwembamba kuliko unywele.
Mawili yamesogeleana. Nikasubiri.
Saa tisa na nusu nikaandika: hasi kumi na nane.
Bado yalikuwa bega kwa bega, ukingo katikati,
yakinenepa bila kumezana.

Fizikia niliiacha kidato cha pili.
Ila najua uzito wa kitu kidogo juu ya kitu laini.

Bugarika, kati ya mawe, mama alikuwa na chumba kimoja
na neno moja: karibuni.
Wakaja. Minza na pacha wake. Binamu wa Sengerema,
wiki moja iliyozaa miaka minne.
Majirani wakasema, mama laini hivyo atakaliwa.
Akakaliwa. Kila mmoja alimvuta ngozi kidogo,
na sisi tukalala tisa kwenye mikeka miwili
pasipo wa kummeza mwenzake.
Mikunjo ile usoni,
mimi nilidhani ni uzee.

Jiwe nyuma ya nyumba, kubwa kama basi,
nalo lilipata umande kila alfajiri.
Hatukuwahi kuukuta.

Saa kumi. Magesa msimamizi anataka mlango mkavu,
wakaguzi wanakuja na viatu vyao vyeupe.
Nachukua tambara. Kioo: mkupuo mmoja,
kana kwamba hakukuwa na mtu.
Mpira napangusa, naweka lenzi upesi:
vishimo bado vipo, duara kwa duara,
vinajifunga taratibu, kama godoro
mtu akishaondoka.

Hasi kumi na nane. Mlango mkavu.
Safu ya maoni, sijui niandike nini.